Maziwa hayaingii mapafuni

SWALI: Daktari, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kila nikichomelea mabomba ya galvanaizi, usiku napata homa na kutetemeka, na mdomoni kunakuwa na ladha ya chuma. Siku ya pili napona. Wenzangu wanasisitiza ninywe maziwa kabla na baada ya kazi. Nimesikia pia kwamba moshi ule una chembe za nano za metali, na kuna mtu ananiuzia maji yenye chembe za fedha, eti yanasafisha damu. Maziwa yanatosha, au ninunue hiyo dawa?

JIBU: Ndugu fundi, usinunue. Na maziwa kunywa ukipenda, ila usiyahesabu kama kinga.

Hiyo ni homa ya moshi wa metali. Zinki iliyopakwa kwenye bomba huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma chenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Kwa hiyo chuma hakijayeyuka, zinki imeshakuwa mvuke. Mvuke huo ukikutana na hewa hugeuka chembe za oksidi ya zinki, nyingi zikiwa chini ya nanomita 100. Unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi.

Suala la maziwa naulizwa kila mara, na linanikera kwa sababu linaumiza watu. Maziwa hupita kwenye umio na kwenda tumboni. Moshi hupita kwenye koo la hewa na kwenda mapafuni. Vumbi nene hunaswa puani na kooni, ukalikohoa. Chembe za nano hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya hewa, ambako ukuta unaotenganisha hewa na damu ni mwembamba kuliko nanomita 1,000. Hakuna tone la maziwa linalofika huko.

Kwa nini basi mafundi huapa kwamba yanasaidia? Kwa sababu homa ya zinki huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili, na aliyekunywa maziwa huyapa maziwa sifa. Tena mwili ukivuta moshi huo siku kadhaa mfululizo huzoea, homa ikakoma; ukipumzika mwisho wa wiki, Jumatatu inarudi. Huko kuzoea si kupona. Moshi bado unaingia, ila kengele imezimwa. Na mwajiri anayegawa maziwa bila kuweka feni ya kuvuta moshi hajamkinga mtu yeyote.

Zinki ni afadhali kuliko metali nyingine. Ukichomelea chuma cha pua, unavuta nikeli na kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Manganizi, iliyomo kwenye vijiti vingi vya kuchomelea, ikivutwa kwa miaka huathiri ubongo: mikono hutetemeka, mwendo hubadilika. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Halafu kuna kadimiamu, inayopakwa kwenye baadhi ya vyuma na kuchanganywa kwenye baadhi ya metali zenye fedha zinazoyeyushwa kuunganishia vyuma. Dalili zake huanza kama homa yako hiyo hiyo, kisha mapafu hujaa maji, na inaweza kuua. Homa ikiambatana na pumzi kubana, au isipoisha baada ya siku mbili, nenda hospitali na useme ulichomelea nini.

Kinachokukinga kiko nje ya mwili wako. Ondoa zinki sehemu ya kuchomelea kabla hujawasha, ukiwa umevaa barakoa, maana vumbi la kusaga nalo lina madhara. Weka kivuta moshi karibu na moto, na usiinamishe kichwa juu ya moshi. Barakoa iwe ya N95 au FFP2 kwenda juu. Ya kitambaa haifai. Wapo wanaosema chembe za nano hupenya kichujio chochote kwa udogo wake, na wamekosea: ndogo kabisa huyumbayumba hewani hadi zigonge nyuzi na kunasa, na zinazosumbua zaidi ni za ukubwa wa kati. Hewa chafu hupenya pembeni, pale barakoa isipobana uso au ndevu zinapoizuia.

Sasa huyo mwenye maji ya fedha. Fundi, anachokuuzia ni chembe za nano za metali! Mwili hauhitaji fedha kwa kazi yoyote. Ukinywa kwa muda, hujikusanya kwenye ngozi, ikageuka bluu ya kijivu na kubaki hivyo maisha yote. Tangu mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikataa kuzitambua dawa hizo kuwa salama au zenye kufanya kazi. Dawa halisi za kutoa metali mwilini zipo, kwa metali chache kama risasi, na hutolewa hospitalini baada ya kipimo cha damu, chini ya uangalizi, kwa sababu zinaweza kuharibu figo. Yeyote anayekuuzia kisafisha damu bila kukuuliza hata ulivuta metali gani, usimpe pesa yako, na waonye wenzako kazini kabla hajawafikia.