Punda wa mtu anayekuchukia

Mwanangu,

Swali lako limeninyima usingizi wa mchana. Unasema Myahudi mnayefanya naye kazi huko Toronto alikwambia kwao kumpenda jirani ni amri, nawe ukamjibu kwamba moyo hauamrishwi. Sasa unaniuliza mimi, mwalimu mstaafu wa dini, nani kasema kweli.

Soma Walawi 19 kuanzia juu, usirukie mstari wa 18. Kabla ya "umpende jirani yako kama nafsi yako" kuna pembe za shamba wanazoachiwa maskini, na ujira wa kibarua usiolazwa kwako hadi asubuhi. Moyo unatajwa, naam: usimchukie ndugu yako moyoni. Lakini mengi hapo ni ya mikono. Jioni imeingia, kibarua yuko mlangoni, mpe chake.

Mimi hunivutia zaidi habari ya punda. Kutoka 23 inasema ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo, msaidie mwenye punda kumtua mzigo. Marabi wa Talmud, mkusanyo wa kale wa mafundisho na mijadala ya walimu wa Kiyahudi, wakaichambua amri hiyo uzi kwa uzi. Mwenye punda akikaa kando akasema, "Amri ni yako, haya, tua," unaweza kwenda zako, maana imeandikwa "pamoja naye". Ila akiwa mzee au mgonjwa, tua peke yako. (Nilicheka. Wa kukaa kando tunawajua.) Tena, kwa kawaida kutua hutangulia kupakiza, kwa kuwa mnyama anaumia. Lakini ukimkuta rafiki anatua na adui anapakiza, anza na adui, ili uishinde nafsi yako. Hawakungoja chuki iishe kwanza.

Karne ya 12, Maimonides, mwanachuoni mkubwa wa sheria ya Kiyahudi, akaweka chini ya ule mstari wa "umpende jirani yako" kumtazama mgonjwa, kufariji wafiwa, kuzika, na kumsindikiza bibi harusi. Hizo zote ni safari za miguu.

Kwa hiyo mwenzako nampa haki, ingawa nawe hukukosea kabisa: moyo una ukaidi wake. Unamkumbuka jirani tuliyegombania naye mpaka? Masika yaliyopita gari lake lilizama kwenye tope mbele ya geti letu. Nilisukuma nimenuna. Gurudumu likaturushia tope usoni, mimi na mwanawe, tukatazamana, tukacheka. Mpaka bado hatujaafikiana. Lakini Jumapili alileta mkungu wa ndizi, akauweka barazani bila kubisha hodi.

Baba yako