Uliyeuliza kuhusu mteja wa London: usimpe huyo kijana wa stendi hata mia

Simama hapo hapo. Kama simu iko mkononi na unataka kumrushia huyo kijana hela ya "usajili", iweke chini kwanza unisome.

Uzi wako nimeusoma mara mbili. Uko Masasi, mnabangua korosho na mama yako, mmepata mteja London anataka kilo arobaini na yuko tayari kulipa kwa mtandao. Umeuliza bei uitaje kwa dola au kwa pauni, tovuti ipi ni nzuri, mzigo upitie wapi. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayeomba chumvi, ukaandika kwamba kuna kijana stendi anakufungulia akaunti ya malipo "ya Kenya" kwa elfu themanini. Wachangiaji watano wamekujibu mambo ya tovuti na rangi ya nembo. Ile sentensi ya mwisho hakuna aliyeigusa. Mimi damu imenichemka pale pale, maana hata bei ni ile ile niliyotozwa mimi. Elfu themanini! Mafuta yamepanda, sukari imepanda, bei ya kuibiwa iko palepale.

Mimi niko Mikindani, nauza vinyago vya mpingo. Sichongi. Wachongaji ni mjomba wangu na wenzake wawili, mimi natafuta wateja, napiga picha na kufunga mizigo. Kwetu hasa ni Lindi, Wamachinga wenyewe, wale ambao jina lao nchi nzima imeligeuza kuwa kazi ya kuuza soksi barabarani. Kwa hiyo usidhani biashara nimeisomea juzi. Na bado nilipigwa.

Fundi aliyenifungulia mimi akaunti ya namna hiyo alikuwa na kibanda cha kutoa kopi na kusajili laini. Akanieleza kwamba ule mtandao wa malipo, PayPal, Mtanzania anaruhusiwa kulipia vitu lakini kupokea hela haruhusiwi, ila Mkenya anapokea vizuri tu. Hapo hakuongopa, na ndiyo maana nikamwamini kwa yaliyofuata. Ana shemeji yake Mombasa, akasema. Akaunti itafunguliwa kwa jina la shemeji, kitambulisho cha shemeji na laini ya shemeji, ila barua pepe na nywila vitakuwa vyangu. Mgao wa shemeji ni asilimia tano.

Nikamuuliza, kwani jina kutokuwa langu si tatizo?

"Dada, hela haina jina."

Nilicheka. Jioni nikaenda kumwambia mjomba maneno yale yale kama busara niliyoiokota. Mjomba akaendelea kupiga msasa, hakujibu kitu. Ningekuwa na akili ningeusoma ule ukimya.

Miezi minne mambo yakaenda. Dola 40 zinaingia, 65, siku moja 110. Shemeji anatoa kwenye M-Pesa ya huko, anakata chake, ananirushia. Hiyo miezi minne ndiyo iliyonimaliza. Angenidhulumu dola 40 ya kwanza ningemshukuru hadi leo.

Kisha akaja mama mmoja mwenye duka Hamburg. Vinyago kumi na vinne, kikiwemo cha ujamaa, wale watu waliopandiana mabegani, kirefu kunifika kiunoni. Jumla dola 1,860. Akalipa Jumanne usiku. Niliiangalia ile namba kwenye simu mpaka kioo kikazima, nikakiwasha nikaiangalia tena. Nikaenda kumgongea mjomba saa tano usiku. Jumatano tukafunga maboksi matatu, kila kinyago kimevikwa sponji ya godoro kuukuu, Alhamisi nikayapeleka posta yakaenda kwa EMS, ile huduma yao ya haraka. Ijumaa nikamwambia shemeji atoe hela.

Haitoki. Kuna ujumbe: akaunti imewekewa mipaka, leta kitambulisho, leta uthibitisho wa anwani, leta uthibitisho kwamba mzigo umetumwa.

Shemeji alichukua siku tatu kupiga picha kitambulisho chake, na akaomba ya soda. Mimi nikasema uthibitisho wa mzigo si ninao? Nikaipiga picha ile risiti ya EMS, vizuri kabisa, juani, nikawatumia kwa kujivuna. Sasa itazame risiti hiyo kwa macho ya aliyekaa ofisini kwao. Namba ya EMS ina herufi mbili, tarakimu tisa, inaishia TZ. Mtumaji ni jina langu, jina la kike, Mtwara. Akaunti inasema ni mwanamume wa Mombasa. Yaani nilijipiga picha mwenyewe niko dirishani naingia kwa watu, nikaipeleka picha polisi.

Jibu likaja baada ya siku mbili: salio litazuiliwa siku 180.

Wewe ni mtu wa korosho, basi ngoja nikuhesabie kwa kalenda yako. Hela ilizuiliwa Juni mwanzoni. Watu wakapulizia salfa. Mikorosho ikatoa maua, ikazaa, ikaokotwa, ikaenda ghalani, stakabadhi zikatoka. Oktoba minada ikaanza. Wenye korosho wakalipwa, wakanunua mabati, wakaoa. Mimi bado nafungua simu kila asubuhi nasoma "salio linazuiliwa". Niliwahi kuwacheka wakulima wanaolalamika kuchelewa kwa malipo ya mnada. Mungu ana masikio.

Katikati hapo wachongaji wanataka chao, na ni haki yao, mama wa Hamburg alishalipa na mzigo alishapokea. Niliuza pikipiki iliyokuwa inaniingizia hesabu ya kila siku. Kikoba kikanikopesha na kunisema, vyote viwili.

Desemba siku zikatimia, hela ikaachiwa. Ikaachiwa kwa nani? Kwa mwenye akaunti. Nywila ilishabadilishwa, maana namba ya uthibitisho inaingia kwenye laini yake yeye. Nikampigia: dada, kuna msiba. Wiki ijayo: dada, mtoto amerudishwa shule kwa ada. Akarusha mara mbili, nikipiga hesabu kwa shilingi zetu ni kama laki tisa, kati ya zaidi ya milioni nne. Baada ya hapo simu haipatikani mpaka leo.

Nikaenda kumwona ofisa mmoja nimshtaki. Akanisikiliza vizuri, akauliza swali moja: "Akaunti ni ya nani?" Nikamjibu. Tukaangaliana.

Na fundi? Nilimfuata kibandani kwake. Wala hakusimama. "Mimi nilikufungulia akaunti ikafunguka, matumizi ni yako dada." Anaongea huku anahesabu kopi za mtu, moja, mbili, tatu! Mimi sikuwahi kuwa mtu wa kutukana hadharani, ila siku ile stendi nzima ilijua kwetu ni wapi. Watu wa namna hii hawafungui biashara ya mtu, wanafungua mlango wa nyuma kisha wanakuuzia ufunguo. Ulivyomwelezea huyo wako, hata ile "malipo mawili, nusu sasa nusu ikifunguka", nina wasiwasi ni yule yule kahamia Masasi.

Mjomba alichonga kinyago cha shetani mwenye mdomo mpana na mikono mitatu, akakiweka mezani akasema, "Huyo shemeji." Kiliuzwa ndani ya siku mbili tu. Kwa shilingi taslimu.

Jambo moja nililoambiwa baadaye, na lingeniokoa: wakati hela imezuiliwa, mara nyingi bado inawezekana kumrudishia mteja malipo yake kutoka kwenye akaunti hiyo hiyo, kisha akakutumia upya kwa njia nyingine. Mama wa Hamburg alikuwa mwungwana, angekubali. Mimi nilikuwa nakazana kutuma vitambulisho vya watu.

Kwa hiyo mdogo wangu, usikilize hili hata kama mengine yote utayaruka: jina lililo kwenye kitambulisho chako, jina lililo kwenye akaunti, jina lililo kwenye invoisi na jina la mtumaji kwenye risiti ya mzigo, yawe jina moja. Na nchi iwe moja. Likipishana moja tu, hiyo hela ni ya mwenye jina, wewe ni mtazamaji.

Sasa ufanye nini. Nenda benki ufungue akaunti ya dola, au ya pauni kama benki yako wanazo, kwa jina la biashara lililosajiliwa BRELA au kwa jina lako mwenyewe. Beba kitambulisho cha NIDA, TIN yako ya kodi na leseni. Ukimtumia mteja taarifa, andika jina la akaunti herufi kwa herufi kama benki walivyoliandika, namba ya akaunti, SWIFT ya benki (zile herufi zinazoitambulisha benki yako kimataifa) na namba ya invoisi. Mteja wa Ulaya atakurudia analia kwamba fomu yake inadai IBAN, ile namba ndefu ya akaunti wanayotumia kwao. Tanzania hatutumii IBAN, mwambie achague malipo ya kimataifa kwa SWIFT. Mimi mteja wa kwanza wa benki nilimpoteza hivyo hivyo, alidhani namficha kitu.

Na kabla hajatuma mkubaliane nani anabeba makato. Kwenye fomu kuna OUR, SHA na BEN. OUR analipa yeye yote, BEN unalipa wewe yote, SHA mnagawana, na benki za katikati nazo zinajimegea njiani. Invoisi yangu ya dola 300 ilifika 264. Kwa hiyo vioda vya dola thelathini usivipitishe huko. Kwa vidogo tumia kampuni za kupokea kadi zilizosajiliwa hapa nchini, zipo kama Pesapal na DPO, wanataka nyaraka zile zile. Wakikuzungusha kwa nyaraka usinune, huko kuzungushwa ndiko nilikokukosa mimi nikalia. Ila kadi nayo ina mambo yake: mwenye kadi anaweza kupinga malipo hata siku 120 baadaye, hivyo risiti ya mzigo usiitupe.

Zile programu za kutumiana hela za ndugu walio nje usizitegemee kwa biashara, nyingi masharti yake yanakataza.

Bei: invoisi iandike kwa fedha ile ile ya akaunti yako, maana kila ikibadilishwa inaliwa. Lakini hapa ndani usitaje dola kwa mtu, tangu Machi 2025 kanuni zinataka bei zote za ndani ziwe kwa shilingi. Na la posta uliuliza, na kulikuwa na swali jingine la tovuti, sijui. Watano wale wamekujibu.

Benki wanafungua saa mbili na nusu. Jumatatu uwe mlangoni. Na kama nusu ya ile elfu themanini ulishampa, mwachie. Usimfuate stendi kuidai, huyo ana maneno, utarudi umemalizia iliyobaki.