Mzee katoka upasuaji wa umio, sasa ana homa: niliyoyaona kwa shangazi

Mkuu mleta uzi, pole sana kwa kuuguza. Umesema mzee alitolewa uvimbe wa saratani ya umio, akaamka vizuri, kisha homa ikapanda na makohozi yakawa mazito. Daktari kasema ni maambukizi ya hospitalini, ndugu wanasema kakosea na wanataka mzee ahamishwe. Nilimuuguza shangazi kwa upasuaji huohuo.

Homa peke yake haimtii daktari hatiani. Kifua kikishafunguliwa, kukohoa ni mateso. Mgonjwa anabana pumzi, makohozi yanatuama, na hapo nimonia inaanza. Wa umio ndio kabisa, maana anafika kwenye upasuaji keshakonda kwa kushindwa kumeza, na kama alipitia kemo, yaani dawa za saratani, kinga yake iko chini. Bado mipira: wa mkojo, wa kifuani, wa shingoni. Kila mmoja ni mlango wa bakteria.

Ila muulizeni daktari wazi: pale umio ulipokatwa na kuunganishwa hapavuji? Kuvuja nako huleta homa, na dawa peke yake mara nyingi haitoshi.

Swali la pili, makohozi na damu vimepelekwa maabara kuoteshwa, ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inamuua? Aliyezidiwa hasubiri majibu, anaanzishiwa dawa, lakini sampuli ikiwezekana itangulie. Majibu ya shangazi yalionyesha bakteria aitwaye Klebsiella, sugu kwa seftriaksoni, sindano ambayo mtaani kwetu mtu anachomwa hata kwa mafua! Akahamishiwa meropenemu, antibiotiki kali zaidi, kila baada ya saa 8, na bei yake mnaijua wenyewe. Tukawa tunapokezana kitandani ili dozi ya usiku isirukwe.

Kuhamisha mimi siungi mkono, labda kama hapo hakuna CT scan wala chumba cha uangalizi maalumu. Aliyeshona ndiye anayejua alichoshona.

Kazi yenu iko kwenye mikono. Wodini ndugu ndio tunaomgeuza mgonjwa, tunamwaga mfuko wa mkojo, halafu tunamshika mkono jirani wa kitanda cha pili kumpa pole. Nawa kabla na baada, na usiguse bandeji ya kidonda. Kila asubuhi mkumbushe sista: mpira wa mkojo bado unahitajika?

Na mzee apumue. Fiziotherapia walimpa shangazi chupa ya maji yenye mrija, apulize mpaka maji yatoe mapovu. Wakati wa kukohoa akawa anakumbatia mto kifuani, huku anamtukana yule kijana wa mazoezi kwa Kihehe. Kijana anacheka tu, "Tena, bibi."

Majibu ya kuotesha ombeni nakala. Kama kemo itafuata, daktari wa saratani atataka kuyaona, na kwa kawaida haanzi mpaka maambukizi yaishe. Akishaanza, homa ikifika 38 msingoje kupambazuke, mpelekeni hospitali usiku uleule.