Mwalimu wa Bwawani Anajibu: Miwani ya Kuogelea

Barua tulizopokea safari hii kuhusu kuogelea zimeelekea upande mmoja, nao ni miwani. Tumechagua chache na kuzifupisha, na mwalimu wetu wa kuogelea anazijibu hapa chini.

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Binti yangu ana miaka tisa na ameingia timu ya shule. Miwani niliyomnunulia inaingiza maji, hasa anapojirusha kutoka ukingoni mwa bwawa. Muuzaji aliniambia nikaze mkanda, lakini nikiukaza mtoto anatoka majini akiwa na alama nyekundu kuzunguka macho, na kichwa kinamuuma. Je, ninunue ya bei kubwa zaidi?
— Mama wa mwanafunzi, Tanga

Jibu: Marahaba, mama. Usiongeze bei kabla hujaupima uso. Kinachozuia maji ni ule mpira laini wa silikoni unaokaa sawasawa juu ya mfupa unaolizunguka jicho, na kazi ya mkanda ni kuishikilia tu miwani isihame. Mkanda ukikazwa kupita kiasi, mpira hupinda, ukingo wake hujikunja, na hapo hapo ndipo mwanya wa maji unapofunguka. Kwa hiyo dawa aliyokupa muuzaji inauzidisha ugonjwa wenyewe.

Mtakapokwenda dukani, mwambie binti aibandike miwani machoni bila kuuvaa mkanda, aibonyeze kidogo, kisha aachie mikono. Ikijishika yenyewe kwa sekunde mbili tatu, inamfaa. Ikidondoka mara moja au ikilegea upande mmoja, irudishe hata kama ina jina kubwa. Muuzaji akikataa kuifungua pakiti ili mtoto aijaribu, mwachie bidhaa yake. Nyuso za watoto ni nyembamba, na miwani ya mtu mzima haigeuki kuwa ya mtoto kwa kuvutwa mkanda.

Angalia pia kipande cha puani. Miwani mingi ya mashindano huuzwa pamoja na vipande kadhaa vya ukubwa tofauti, na mara nyingi nimeviona vikitupwa pamoja na pakiti. Maji yakiingia kwenye kona ya ndani ya jicho, badilisha kipande hicho kwanza. Hakikisha pia kwamba hakuna unywele wala ukingo wa kofia ya kuogelea uliobanwa chini ya mpira, na kwamba mkanda unapita nyuma ya kichwa, juu kidogo ya usawa wa masikio, huku nyuzi zake mbili zikiwa zimeachana.

Kuhusu kujirusha, kasoro huenda isiwe ya miwani. Mtoto anayeinua uso ili aone anakoangukia huyapokea maji moja kwa moja machoni. Kidevu kinapaswa kukaribia kifua na kichwa kikae kati ya mikono. Hata hivyo, jambo hili humpata yeyote. Katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, miwani ya mwogeleaji Mmarekani Michael Phelps ilijaa maji katika mbio za mita 200 za mtindo wa kipepeo, akawa haoni ukuta, akaogelea kwa kuhesabu mapigo ya mikono, na bado akashinda dhahabu kwa rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 52.03. Mfundishe binti yako kuhesabu mapigo yake angali mdogo.

Onyo moja kwa watoto wote: wasiivute miwani mbele kwa kushika lenzi wakiwa wameivaa, kwa maana ikiponyoka mkononi hurudi kwa nguvu ya mkanda na inaweza kulijeruhi jicho vibaya. Ivuliwe kwa kuinua mkanda kutoka nyuma ya kichwa.

Swali: Habari za kazi, Mwalimu? Miwani yangu ilikuwa safi kabisa ilipokuwa mpya, lakini sasa inashika ukungu kabla sijamaliza mzunguko wa pili. Rafiki yangu ananishauri niisugue kwa dawa ya meno. Je, ni sahihi?
— Kijana wa Mombasa

Jibu: Nzuri, mwanangu. Si sahihi. Lenzi za miwani ya kuogelea kwa kawaida ni za plastiki ngumu, na ndani yake hupakwa utando mwembamba unaoyafanya matone ya mvuke yatandae badala ya kusimama kama vitone. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia. Itaukwangua utando huo na kuiachia lenzi mikwaruzo isiyofutika. Ushauri wa rafiki yako una asili yake, kwa kuwa wazamiaji huitumia kuondoa mafuta ya kiwandani kwenye vioo vya miwani mipya ya kuzamia. Kioo hustahimili jambo ambalo plastiki haiwezi.

Ukungu hutokea kwa sababu ngozi ya uso ina joto na unyevu, ilhali lenzi imepoozwa na maji ya nje. Kwa hiyo nawa uso kwa maji ya bwawa kabla ya kuvaa, ili tofauti ya joto ipungue, kisha isuuze miwani upande wa ndani na uivae ikiwa bado na unyevu. Kama utando wa kiwandani umekwisha, paka tone la shampuu ya watoto, litandaze bila kusugua, kisha isuuze kidogo. Mate nayo hufanya kazi, wala usione haya kuyatumia.

Ninashuku, hata hivyo, kwamba utando wako uliuawa na kidole. Hakuna kinachoiharibu miwani upesi kama ile tabia ya kupangusa ndani kwa kidole kila ukungu unapoonekana, au kuikausha kwa taulo. Upande wa ndani wa lenzi usiguswe kabisa. Ukitoka majini, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yaani ya bomba, kwa sababu klorini huchosha mpira na chumvi ya bahari ikikauka huacha punje zinazokwaruza. Ikung'ute, iache ikauke yenyewe kivulini, kisha uihifadhi kwenye mfuko wake mbali na funguo. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, na usiioshe kwa maji ya moto.

Swali: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi huzamia kuchokoa pweza kwenye mwamba, kina cha pima tatu hadi sita. Mwanangu alinipa miwani midogo ya kuogelea, na tangu niitumie macho yananivuta nikishuka, na juzi weupe wa jicho moja ulijaa damu. Je, miwani ni mibovu?
— Mvuvi wa Pemba

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Miwani ni mizima, ila umeipeleka mahali ambapo haikuundwa kufika. Ukifika pima tano na nusu hivi, yaani mita 10, mgandamizo juu ya mwili wako huwa umekuwa maradufu ya ule wa juu ya maji. Hewa iliyofungiwa ndani ya miwani midogo haiwezi kuongezeka ili kuufikia mgandamizo huo, kwa sababu pua iko nje; matokeo yake ni kwamba miwani hulinyonya jicho, na vishipa vidogo vya damu hupasuka. Miwani ya kuzamia hufunika macho na pua pamoja, na kila unaposhuka unapuliza hewa kidogo kwa pua, mvutano ukaondoka. Nunua hiyo, na uchague yenye kioo kilichoimarishwa kwa joto.

Damu ya kwenye weupe wa jicho kwa kawaida huisha yenyewe katika muda wa wiki mbili hivi. Lakini jicho likiuma, au ukiona ukungu au kitu kimoja kama viwili, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa vyovyote usizamie tena hadi jicho lisafike, hata kama ni siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, na pweza ni wengi.

Swali: Mwalimu, je, miwani inaweza kunikinga na kichocho ninapoogelea ziwani?
— Msomaji wa Mwanza

Jibu: Hapana. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na huingia mwilini kupitia ngozi, popote pale ngozi inapogusana na maji. Miwani itakulinda macho na uchafu tu. Kama huogelea ziwani mara kwa mara, kapime kituo cha afya.

Swali: Mimi sioni mbali na huvaa lenzi za machoni kila siku. Je, ni salama kuogelea nazo chini ya miwani, au nitafute miwani yenye namba?
— Dada wa Muscat

Jibu: Tafuta yenye namba, dada yangu. Majini kuna vimelea viitwavyo akanthamiba, ambavyo vikijificha chini ya lenzi ya machoni huweza kusababisha maambukizi mazito ya konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, magumu kutibu na yenye hatari ya upofu. Vimelea hao hupatikana hata kwenye maji ya bomba, kwa hiyo usitegemee kwamba klorini ya bwawa itakulinda, na hakuna miwani isiyovuja hata tone.

Miwani yenye namba huuzwa tayari, namba zikipanda kwa nusu nusu, na baadhi ya aina hukuruhusu kuchagua lenzi tofauti kwa kila jicho. Namba yako ikiangukia katikati, chukua iliyo ndogo kidogo, kwa kuwa ukitazama chini ya maji vitu huonekana vikubwa na vya karibu zaidi kuliko vilivyo. Wenye namba ndogo sana mara nyingi hawaihitaji kabisa. Miwani hiyo ya tayari hairekebishi astigimati, yaani kasoro ya umbo la jicho inayofanya vitu vionekane vimepotoka. Kama unayo kwa kiwango kikubwa, mtaalamu wa miwani anaweza kukuagizia lenzi za kutengenezwa. Na kwa kuwa jua la kwenu ni kali, ukiogelea baharini mchana chagua lenzi yenye rangi, mradi iwe imeandikwa kuwa inazuia miale ya urujuanimno (UV), kwa sababu rangi nyeusi pekee huifanya mboni ipanuke na kuipokea miale hiyo kwa wingi zaidi.