Nani yuko chanya, baba au seli?

Swali: Baba alitolewa kinyama kidogo kwenye alama nyeusi ya unyayo ili kipimwe. Ripoti, kwa Kiingereza, ilisema seli ni pozitivu kwa S100. Nikamwambia, "Baba, umepatikana chanya." Tangu hapo hali wala halali, akidhani ana virusi vya Ukimwi. Ningesemaje? Na ile rangi ya maabara, "stain" kwa Kiingereza, niiite doa? (Msomaji wa Kondele, Kisumu)

Jibu: Pole sana, dada, na umfikishie mzee pole zetu. Neno chanya halina kosa. Kosa limo katika kile kiambishi u-, ambacho kimemtwika baba mwenyewe habari ya seli. Huku kwetu ukisema mtu "ako pozitivu" hakuna anayewaza lingine ila virusi. Ripoti haikumtaja baba. Ilitaja seli, na seli ni za ngeli ya I-ZI. Sema zi-.

Doa hapana, hilo ni uchafu. Kupaka nako hakufai, kwani kinachopakwa hukaa juu, kama rangi ya ukuta. Maabarani kipande chembamba cha nyama hutiwa kingamwili inayotafuta protini fulani, kama hiyo S100. Ikiipata huing'ang'ania, na rangi hujitokeza palepale. Kitenzi chake tunacho tangu zamani, kile cha nguo na ukili: kushika rangi. Seli zimeshika, zimeshika kidogo, hazikushika.

Lakini angalia sana: "zimeshika rangi" si "zina rangi". Melanini, rangi ya asili ya ngozi, ni ya kahawia, na rangi inayotumiwa zaidi katika kipimo hiki nayo ni ya kahawia. Kwenye alama iliyokolea weusi, hata mtaalamu mwenye darubini anaweza kuchanganya ya kuzaliwa nayo na ya kutiwa. Ndiyo sababu baadhi ya maabara huchagua nyekundu. Mfasiri akiandika "zina rangi", ameifuta tofauti ambayo mpimaji alihangaika kuipata.

Tena usiruke kutoka "zimeshika" hadi "ana saratani". Seli za melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza melanini, kwa kawaida hushika S100, ila hata seli zisizo na ugonjwa zinazotengeneza melanini huishika, na zile zinazofunika mishipa ya fahamu pia. Wala "hasi" si "hana": ipo melanoma yenye nyuzinyuzi nyingi ambayo mara nyingi haishiki HMB-45, kipimo kingine kinachotumika sana. Daktari husoma rangi pamoja na umbo la seli, mpangilio wake na vipimo vingine.

Leo jioni keti karibu na mzee, umwambie hivi: "Baba, hiki si kipimo cha virusi. Ni zile seli za unyayo zilizoshika rangi ya S100. Twende pamoja kwa daktari, atueleze ripoti nzima inasema nini."