Ufa wa ngazi kwenye nyumba ya mteremkoni: ninunue au niache?

Swali. Jambo Injinia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukavu, tunapanga nyumba Nguba. Tumepata nyumba ya kununua Kadutu, kwenye mteremko. Ni ya matofali ya kuchoma, urefu mita 9, upana mita 8, na mabati bado mazuri. Nyuma kilima kimechongwa wima karibu mita mbili, udongo uko wazi. Muuzaji amepaka rangi mpya mwezi jana. Lakini kuna ufa unaopanda kama ngazi, kutoka kona ya juu ya dirisha la sebule kuelekea kona ya nyumba upande wa bonde. Chini hata kadi ya benki haiingii. Juu zinaingia nne pamoja (niliazima kwa walimu wenzangu). Fundi wa kwanza amesema mifuko kumi ya simenti inamaliza kazi. Wa pili amesema tubomoe. Nimwamini nani, na niweke pesa ngapi pembeni?

Jibu. Mama Mwalimu, mafundi wako wote wawili wamejibu kabla ya kuuliza. Hakuna aliyetaka kujua maji ya paa yanakwenda wapi, wala kona ile ya bondeni imesimama juu ya nini. Wewe na kadi zako mmefanya kazi kuliko wao.

Kadi moja ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8, kwa hiyo nne ni milimita 3. Nyufa nyembamba kama nywele, zilizotawanyika kwenye plasta, ni plasta tu iliyokauka haraka, usizikosee usingizi. Ukivuka milimita 5 ndipo mimi huacha kukaa kwenye kiti, na ukifika 15 sizungumzii tena rangi. Ufa wako bado uko upande mzuri wa hesabu hiyo. Kinachonitia wasiwasi ni sura yake. Ufa wa ngazi hupanda kuelekea upande unaozama, na ukiwa mpana juu kuliko chini maana yake kona ile inainama kwenda nje. Kwa kifupi, kona ya bondeni inashuka na sehemu ya mlimani imebaki pale pale.

Kama nyumba ilijengwa zamani, muulize muuzaji ilikuwaje Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la 5.9 lilipotupiga. Nyufa za tetemeko mara nyingi hukatana kama herufi X katikati ya madirisha, na zikishatokea hubaki zilivyo. Wako haufanani na huo.

Sasa nikwambie ninachodhani kimetokea, maana nimekiona Kadutu, Bagira na hata Ibanda mara nisizoweza kuhesabu. Mtu ana parseli ya mteremko, anataka uwanja ulio sawa. Anachonga kilima nyuma, udongo anausukuma mbele, anaukanyaga kidogo, kisha anajenga. Nyuma nyumba inasimama juu ya udongo uliozaliwa pale. Mbele inasimama juu ya udongo wa kujaza. Miaka ya kwanza hakuna neno. Mvua zinapita, ule wa kujaza unalala polepole, na matofali yanapasuka pale yanapokuwa dhaifu zaidi, yaani kwenye kona ya dirisha.

Usiniamini kwa maneno. Omba ruhusa ya kuchimba shimo la sentimita 60 kwa 60 kando ya ile kona, mpaka uone chini ya fondasio, yaani msingi wa nyumba. Angalia kuta za shimo. Udongo wa asili ni mwekundu, umeshikana, rangi moja. Ukiona vipande vya tofali, makaa, mfuko wa plastiki, kandambili, basi fondasio imekaa juu ya jalala lililofunikwa. Muuzaji akikataa shimo moja tu la nusu saa, huyo amekwisha kukujibu.

Kipimo cha pili hakihitaji injinia. Nunua mpira mwangavu wa mita 12, ujaze maji bila mapovu, mmoja ashike ncha hii kona moja, mwingine ncha ile kona nyingine. Maji yanajisawazisha yenyewe. Pima kutoka usawa wa maji hadi sakafuni, kona zote nne, kisha pima pia hadi kizingiti cha chini cha kila dirisha. Sakafu peke yake ikiwa imeinama, huenda ni mkono mbaya wa fundi wa zamani. Sakafu na madirisha yakiinama pamoja, upande mmoja, ndipo ardhi imesogea. Kwenye urefu wako wa mita 9, tofauti ya sentimita 3 ukuta wa matofali unaweza kuivumilia kwa nyufa ndogo. Ikifika 6, usinunue kwa bei ya nyumba. Nunua kwa bei ya kiwanja, au acha.

Halafu toka nje, utazame mtaa, si nyumba. Mikalatusi yenye shina lililopinda kama goti, nguzo za umeme zilizolala zote upande mmoja, ngazi za jirani zilizoachana na ukuta wake: hayo yakikutana, si nyumba yako inayotembea, ni mlima mzima. Sehemu za mtaa wa Funu, huko huko Kadutu, zinatembea hivyo miaka nenda rudi, na hakuna ukuta wa mawe utakaouzuia. Ukuta mzito juu ya udongo unaotembea unauongezea mzigo tu. Hapo fundi wako wa pili naye amekosea: ukibomoa na kujenga upya mahali pale pale, nyumba itapasuka upya.

Tuseme mtaa umetulia, na kosa ni la udongo wa kujaza na ile nyuma iliyochongwa. Basi nyumba inaponyeka, na kazi ya kwanza ni maji. Paa lako, pamoja na kingo zake, ni kama mita 10 kwa 9, yaani mita za mraba 90. Mvua ya milimita 50, ambayo Bukavu huipata alasiri moja ya mwezi wa nne bila kuombwa, inamwaga juu ya hilo paa lita 4,500. Nusu inaanguka nyuma, kati ya ukuta na kilima: mapipa kumi na moja ya lita 200. Yasipokuwa na mfereji, yanapita chini ya nyumba kwenda kunywewa na ule udongo wa kujaza. Angalia pia choo. Nikikuta shimo la kupotezea maji limechimbwa upande wa mlimani, nyuma ya vyumba vya kulala, najua nusu ya ugonjwa.

Kazi ya pili ni ukuta wa kuzuia kilima, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo niliponyolewa mimi mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo mteja aliniomba nipunguze gharama, nikakubali kuacha changarawe ya nyuma ya ukuta na yale mabomba ya kutolea maji. Ukuta ulipendeza, watu walikuja kuutazama. Msimu wa pili wa mvua ulivimba tumbo, na asubuhi moja tope lilikuwa linatoka katikati ya mawe laini kama bugali ambayo haijashika. Siku tatu baadaye ulilala. Mawe hayakuwa na kosa, wala simenti. Maji yalikosa mlango, yakajitengenezea.

Kwa hiyo ukuta wako, urefu wa mita 8 na kimo cha mita 2, uhesabu hivi. Unene mita 1 chini na nusu mita juu, maana yake mita za ujazo 12. Fondasio yake, upana mita 1.2 na kina nusu mita, ni karibu 5. Jumla 17. Theluthi ya ukuta wa mawe ni chokaa ya simenti, yaani simenti iliyochanganywa na mchanga, kama mita za ujazo 5.6, na kila mita moja inakula mifuko sita: mifuko 34. Mchanga mita 6. Mawe nunua mita 20, kwa sababu lori haliji limepangwa kama ukuta. Nyuma yake changarawe ya unene wa sentimita 30, mita 5 za ujazo, na mabomba ya milimita 75 safu mbili, moja kila mita moja na nusu, yakiinama kidogo kuelekea nje. Ukuta huo ujengwe kwa vipande, kimoja baada ya kingine. Ukiufungua mlima mita 8 kwa siku moja, unaweza kukushukia.

Kazi ya tatu ni kuishika kona. Unachimba chini ya fondasio mpaka udongo wa asili, vipande vya mita moja, unajaza mawe na chokaa, unaruka vipande viwili, unarudi vikishashika. Nikichukua mita 7 kuzunguka kona, kina mita moja na upana sentimita 60, ni kama mifuko 9. Shimo likionyesha kuwa udongo wa asili uko mita mbili chini, zidisha kwa mbili. Mfereji wa nyuma na wa pembeni uupe mifuko 6. Ufa wenyewe, baada ya yote hayo kutulia, unafunguliwa, unashonwa kwa vyuma kwenye viungo vya matofali na kujazwa: mifuko 3.

Hiyo ni mifuko 52. Ile kumi ya fundi wa kwanza ni plasta juu ya kidonda.

Panda pia darini utazame kama kuna chenaji, ule mkanda wa zege unaofunga kuta zote juu. Kama haupo, si lazima mwaka huu, lakini ujue: kwa kuta zako, kama mita 50 pamoja na za ndani, ukiwa sentimita 20 kwa 20 ni mita za ujazo 2 za zege. Mifuko 14, vyuma vya milimita 10 vipatavyo 19, na paa lazima liinuliwe. Ukienda kununua vyuma, nenda na mizani. Chuma halisi cha 10, urefu wa mita 12, kina kilo 7.4. Kikikupa kilo tano kasoro, umeuziwa cha 8 chenye jina la 10. Na kwa zege, mfuko mmoja uende na toroli moja la mchanga na mawili ya kokoto, maji lita 25. Fundi anayependa zege jepesi linalotiririka kama uji anapunguza kazi yake, si gharama yako.

Pesa ngapi? Sitakuandikia dola, kwa sababu bei ya mfuko hapa kwetu huchezeshwa na mpaka, barabara na sarafu, na namba yangu ya leo itakudanganya mwezi ujao. Chukua idadi nilizokupa, ukaulize bei asubuhi ya siku ya kununua. Mimi huongeza theluthi ya bei ya vifaa kwa mikono ya kazi, kisha sehemu ya kumi kwa yale yaliyojificha. Lakini kuna gharama ambayo karibu kila mteja wangu huisahau: mgongo. Kama lori haliingii, zile mita zako 20 za mawe ni karibu tani 30. Kwa kilo 30 kila safari, ni safari elfu moja kutoka barabarani, kabla hujafika kwenye mchanga. Tembea hiyo njia mwenyewe ukiwa na ndoo ya maji, kisha patana na wabebaji kwanza, ndipo upatane na mwenye mawe. Nimeona ukuta ambao kuubeba kulizidi kuujenga.

Jumla hiyo yote ndiyo unayoipunguza kwenye bei ya muuzaji, ukiwa na karatasi mkononi. Na kuhusu karatasi, neno moja: kwa sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973, haki ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha usajili kutoka kwa msimamizi wa hati za ardhi. Barua ya mauzo iliyopigwa muhuri mtaani haitoshi. Ukaangalie jina lililoandikwa huko kabla hujalipa mtu hata wa kuchimba shimo.

Tuko kiangazi, udongo umekauka na nyufa zimenyamaza. Ndiyo maana nyumba nyingi huuzwa sasa. Ukiweza, gundisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, andika tarehe kwa penseli, umwombe muuzaji muda mpaka mvua za mwezi wa kumi. Kioo kikivunjika, ufa bado unatembea. Akikukatalia muda, basi fanya shimo na mpira wa maji wiki hii, uniandikie namba za kona nne, sakafu na madirisha, pamoja na ulichokikuta chini ya fondasio.