Luther alivua vazi la utawa 1524, si 1517
Je, Martin Luther, mwanzilishi wa Matengenezo ya Kanisa huko Ujerumani, alivua vazi la utawa 1517? Hapana. Mwaka ule alitoa hoja 95 za kupinga uuzaji wa rehema akiwa bado mtawa wa Mt. Augustino, tena padri na mwalimu wa chuo kikuu Wittenberg. Vazi la utawa alilivua moja kwa moja Oktoba 1524, karibu miaka minne baada ya Papa Leo X kumtenga na Kanisa (3 Januari 1521).

Kinachochanganya watu ni Wartburg. Alipofichwa kwenye ngome ile 1521 alifuga ndevu, akaacha nywele ziote, akavaa kama askari wa farasi na kujiita Junker Jörg (yaani Bwana Jörg). Kule alikuwa anajificha tu. Aliporudi Wittenberg Machi 1522 alinyoa utosi upya kama mtawa na kupanda mimbarani na joho lake lilelile.

Ila ukihesabu nadhiri badala ya nguo, hesabu inabadilika: mkuu wake wa shirika, Johann von Staupitz, alimfungua nadhiri ya utii tangu 1518, kule Augsburg. Luther alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa, 13 Juni 1525, na wakaishi humohumo kwenye nyumba yake ya zamani ya watawa kule Wittenberg.